Wing Chun kwa Kujihami: Inakufaa Wapi, na Uifanyie Mazoezi Vipi

Ukiuliza kama wing chun inamfaa mtu anayetaka kujihami, utapewa majibu mawili yasiyopatana. Waliotazama sinema ya Ip Man ya mwaka 2008, pale Donnie Yen anapowaangusha wanaume kumi peke yake, watakwambia kwamba anayeijua sawasawa hana wa kumgusa. Waliotazama video za Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mseto kutoka Beijing ambaye tangu mwaka 2017 amekuwa akiwapiga hadharani watu wanaojitangaza kuwa mabingwa wa sanaa za jadi, watakwambia ni maigizo matupu. Mwongozo huu haukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Wing chun ina manufaa ya kweli, ila manufaa hayo yamo ndani ya eneo dogo: umbali wa mkono mmoja, katika sekunde chache za mwanzo. Na hata humo huyapati kwa kurudia mapigo hewani. Unayapata kwa kufanya mazoezi na mwenzako asiyekubali kushindwa kirahisi. Ukilishika hilo, utajua uanze na nini, umchague mwalimu gani, uache nini, na lini uondoke mbio.

Sanaa ya mjini iliyopimwa juu ya mapaa

Hadithi inayosimuliwa kwenye vilabu vingi ni ya Ng Mui, mtawa wa kike wa Shaolin, aliyemfundisha binti aitwaye Yim Wing Chun ili amshinde mwanamume aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Hakuna kumbukumbu ya wakati huo inayoithibitisha, kwa hiyo anayetafuta ushahidi asiiegemee. Nasaba inayoweza kufuatwa inaanza katika karne ya 19 kwa Leung Jan, tabibu wa mji wa Foshan katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Kutoka kwake ilipita kwa Chan Wah-shun, kisha ikamfikia Ip Man, aliyezaliwa mwaka 1893. Wakomunisti walipokuwa wakiitwaa China mwaka 1949, Ip Man aliihama Foshan akaingia Hong Kong, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa migahawa huko Kowloon. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watu wa kazi na vijana wa mjini, wenye muda mchache na nafasi finyu ya kufanyia mazoezi, na walichotaka ni kitu cha kuwafaa.

Miongoni mwao alikuwamo Wong Shun Leung (1935–1997). Katika miaka ya 1950 vijana wa vilabu mbalimbali vya Hong Kong walikuwa wakipimana kwa siri, juu ya mapaa ya majengo au ndani ya vyumba vilivyofungwa, bila glavu na bila kujali nani ana kilo ngapi. Mapambano hayo yaliitwa beimo, na Wong alijijengea jina humo kuliko wenzake wote. Hapo ndipo sifa ya wing chun ilipopata mashiko: kulikuwa na mtu aliyekwenda kusimama mbele ya mgeni asiyemwonea huruma, akarudi kwa wenzake akijua kipi kimefanya kazi na kipi kimekwama. Sifa hiyo ilipovuka bahari na kuenea duniani, vilabu vingi viliichukua sifa vikaliacha jaribio lililoizaa. Leo unaweza kukuta mtu amefanya mazoezi miaka minane na hajawahi hata siku moja kupigwa ngumi na mtu anayetaka kweli kumfikia.

Bruce Lee, naye mwanafunzi wa Ip Man, anatupa ushahidi wa upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 1964, huko Oakland katika jimbo la California, alipambana faraghani na Wong Jack Man, mtaalamu wa mitindo ya kaskazini mwa China. Waliokuwapo walisimulia tofauti juu ya mwenendo wa pambano, lakini Lee mwenyewe hakuridhika. Alijiona ameishiwa pumzi mapema, na mpinzani aliyekuwa akirudi nyuma alimpa taabu, kwa kuwa wing chun aliyoijua ilitaka mtu awe karibu. Tangu hapo alianza kuujenga mwili wake kwa bidii na kuchota maarifa kutoka kwenye ndondi na mchezo wa vitara, na mwaka 1967 akaupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do. Weka matukio haya mawili pamoja, ya mapaa ya Hong Kong na ya Oakland, utaona mipaka ya sanaa hii: ina nguvu pale watu wanapobanana, na inapungukiwa pale nafasi inapopanuka na muda unaporefuka.

Inachokupa ukiwa karibu

Chukua hali ambayo ugomvi mwingi wa mtaani huanzia. Mtu amekusogelea, kidole chake kiko usoni pako, anafoka. Kati ya kifua chake na chako hapafiki mita moja. Binadamu huhitaji takribani robo ya sekunde kuona kitu na kuanza kukijibu, na ngumi inayotoka umbali huo inaweza kukufikia ndani ya muda kama huohuo. Maana yake ni kwamba aliyeshusha mikono hana nafasi ya kuona, kuchagua zuio na kulitekeleza. Hata awe mwepesi kiasi gani, amechelewa.

Wing chun inaipunguza kazi hiyo kabla haijaanza. Mikono yote miwili inakaa mbele ya kifua, mmoja umetangulia na mwingine uko nyuma yake kidogo, viganja wazi. Kwa anayetazama unaonekana mtu anayesema, “Kaka, tulia, tuyamalize,” na ni vyema uonekane hivyo, kwa sababu mashahidi watakukumbuka kama mtu aliyekuwa akituliza. Lakini mikono hiyo tayari imeziba njia fupi kuliko zote, ile inayokwenda moja kwa moja kwenye kidevu, pua na koo lako. Anayetaka kukupiga sasa analazimika kuzunguka, na mzunguko unamla muda. Viwiko vinaelekea chini, umbali wa ngumi moja kutoka kwenye mbavu. Kiwiko kikikaa hapo, pigo linatoka likiwa na uzito wa mwili mzima nyuma yake. Kikipanuka nje, unapigana kwa bega peke yake, na mtu mzito atakusukuma anavyotaka. Hii ndiyo sababu mfuatano wa kwanza wa mapigo, Siu Nim Tau, hufanywa umesimama mahali pamoja bila kupiga hatua: unafundisha kiwiko kukaa mahali pake hadi kisihitaji kukumbushwa.

Faida ya pili ni kujibu kwa mguso. Katika zoezi la chi sao watu wawili wanasimama wakikabiliana, mikono imegusana karibu na vifundo, wanaizungusha kwa zamu. Mkono wako mmoja umelaza kiganja juu, wanaita tan sao. Mwingine umepandisha kiwiko juu ya kifundo, wanaita bong sao. Wa mwenzako umefunika juu yako, nao ni fook sao. Yeyote akijaribu kupenya katikati, mwenzake anahisi shinikizo limebadilika, na mkono unajibu. Mwili hujibu mguso mapema kidogo kuliko unavyojibu kilichoonwa na jicho, na kwa umbali huo hicho kidogo kina uzito mkubwa. Kanuni inayofundishwa ni nyepesi kueleweka: kinachokuja kipokee, kinachoondoka kifuate, na mkono wako ukiachwa huru usonge mbele bila kusubiri.

Tazama kanuni hiyo ikifanya kazi pale mtu anapokukunja. Ameshika ukosi wa shati lako kwa mkono wa kulia na anavuta. Asiyezoea huung'ang'ania ule mkono na kuvutana nao, na hapo aliyezidi uzito ndiye atakayeshinda. Aliyezoea chi sao havutani. Anapiga hatua kuufuata mvuto, mkono wake wa kushoto unaukandamiza ule ulioshika ukosi uende chini, na wakati huohuo kiganja cha kulia kinapanda chini ya kidevu kupitia njia ambayo mvutaji mwenyewe ameiacha wazi. Kisha anasukuma, anajinasua, anaondoka. Mambo haya yanatokea pamoja, kwa sababu wing chun haitenganishi kuzuia na kupiga. Kwa mtu mwenye umbo dogo, au aliyebanwa kwenye ngazi, kwenye korido au katikati ya viti vya daladala, hakuna mitindo mingi inayotoa jibu fupi kama hilo.

Isichokupa, na usichoweza kukipata kwa kuamini

Sasa tuje kwenye udhaifu, maana ndio utakaokuumiza ukiufumbia macho. Wing chun haina jibu zuri kwa bondia anayekaa nje ya umbali wa mkono, anayeingia, anapiga na kutoka. Ngumi za pembeni zinazozunguka zuio la katikati huwasumbua wengi walioizoea, kwa sababu wamefanya mazoezi dhidi ya ngumi zilizonyooka. Haina mafunzo ya kutosha ya kuzuia mtu anayekuinamia na kukukumba miguu, na ukishaanguka haina la kukuambia. Mwaka 2018 Xu Xiaodong alipambana na Ding Hao, mcheza wing chun. Ding alipelekwa chini mara kadhaa, ingawa mwamuzi alitangaza sare. Anayeipenda sanaa hii anapaswa kulitazama pambano kama lile kwa utulivu na kuuliza: ni zoezi gani kwenye kilabu chetu lingemwandaa mtu kwa hali ile?

Wapo watakaosema kwamba ulingo si mtaa. Ulingoni watu wamekubaliana saa ya kuanza, mwamuzi yupo, na hakuna anayeruhusiwa kukimbia. Mtaani kibaka kwa kawaida hajafundishwa kupigana, na wewe hutafuti ushindi, unatafuta njia ya kuondoka. Hayo yote ni kweli, na ndiyo sababu kushindwa kwa mcheza wing chun mbele ya mpiganaji wa kulipwa hakuthibitishi kwamba sanaa yote ni bure. Ila tofauti hiyo isigeuzwe kichaka cha kujifichia. Mtu wa mtaani naye hurusha ngumi za pembeni, tena kwa nguvu zake zote. Naye hukukumbatia na kukubwaga. Kama pigo lako linashindwa kumfikia mwenzako aliyevaa glavu ambaye hana chuki na wewe, huna sababu ya kutegemea kwamba litamfikia mtu aliyelewa na aliyekasirika.

Wengine watasema mapigo yao ni ya hatari mno, ya macho na koo, hayawezi kujaribiwa bila kuua. Historia ya jirani inawajibu. Kano Jigoro alipoanzisha Kodokan, shule yake ya judo, mjini Tokyo mwaka 1882, aliyatenga mapigo ya hatari ya jujutsu kwenye mazoezi ya kukariri, akabaki na yale yanayoweza kufanywa kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayepinga, kila siku, bila kumvunja. Wanafunzi wake wakawa wagumu kushindwa, na judo ikaenea dunia nzima. Aliyerudia pigo la kawaida mara elfu dhidi ya mtu anayepinga analimiliki. Anayelijua pigo la kuua kwa nadharia tu hajui kama mkono wake utafika. Kisha uoga una kazi yake mwilini: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na mambo yanayotaka shabaha ya ncha za vidole ndiyo ya kwanza kupotea. Kinachobaki ni harakati chache pana zilizorudiwa mno.

Kuna mambo matatu ambayo nakushauri uyatoe kabisa kwenye matumaini yako. La kwanza ni kisu. Sanaa hii ina visu vyake viwili vifupi, baat jaam do, lakini hivyo humfaa anayevishika. Havikufundishi kumpokonya kibaka kisu kwa mikono mitupu. Mtu akikuonyesha kisu na anachotaka ni simu, mpe simu. La pili ni kundi. Sinema ya watu kumi ni sinema. Mwenye nguvu mpishe, na wenye wingi wapishe zaidi. La tatu ni ngumi kwenye fuvu. Ngumi ya wing chun husimama wima na kugonga kwa vifundo vitatu vya chini vya vidole, na mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole cha mwisho ni mwembamba, huvunjika kirahisi ukikutana na paji la uso. Glavu zinaficha hatari hiyo. Mtaani huna glavu. Zoea kupiga kwa sehemu nene ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono, na ngumi uibakize kwa sehemu laini za mwili.

Namna ya kuigawa saa yako

Tuseme una mazoezi mawili kwa wiki, kila moja saa moja na nusu. Robo saa ya kwanza ipe Siu Nim Tau na hatua za miguu, polepole, ukikagua kiwiko na mizani ya mwili. Dakika ishirini zinazofuata piga pedi zilizoshikwa na mwenzako: kiganja, ngumi mfululizo, kiwiko, na teke la chini linaloishia kwenye goti au ugoko. Pedi zinakufundisha umbali na uzito, vitu ambavyo hewa haikufundishi. Dakika ishirini nyingine zipe chi sao, ila kila baada ya dakika chache achaneni, rudini nyuma hatua mbili, mkutane upya, kwa sababu mtaani hakuna anayekuja akiwa ameshagusanisha mikono na yako. Sehemu yote iliyobaki, ambayo ni zaidi ya theluthi ya muda, iwe ya upinzani. Hapa ndipo vilabu vingi hukwepa, na hapa ndipo thamani yote ya kujihami ilipo.

Upinzani upandishwe kwa ngazi. Kwanza mwenzako anakushambulia kwa jambo moja mnalolijua wote, kwa mfano msukumo wa kifua, na anakuachia ulijibu. Kisha jambo ni lilelile, ila anaamua mwenyewe saa ya kulifanya, na hakuachii. Baadaye anachagua kati ya mambo matatu: kusukuma, ngumi pana ya pembeni, kukukunja. Mwisho anafanya lolote, pamoja na kukukumba miguu. Vaeni glavu nyepesi, kinga ya meno na kofia ya kujikinga, na mapigo ya kichwani yawe mepesi daima. Ubongo hauzoei kupigwa, na hakuna faida ya kujiumiza mazoezini kwa ajili ya shambulio ambalo huenda lisije. Ukiona kwenye ngazi fulani unashindwa kila mara, usiruke. Shuka ngazi moja, rekebisha, panda tena.

Zoezi moja liwe na nafasi ya kudumu. Simama mgongo ukiwa ukutani, mikono imeshuka. Mwenzako anakujia akifoka kweli, kwa maneno, na anaweza kukushambulia au asikushambulie. Kazi yako ni kufika mlangoni. Hupewi alama kwa kumpiga. Umefaulu ukivuka mlango. Zoezi hili linakulazimisha kuinua mikono mapema, kutumia sauti, kusogea pembeni, kupiga pale tu njia ilipozibwa, na kuacha kupiga mara njia inapofunguka. Baada ya wiki kadhaa utagundua kwamba mapigo yanayokufikisha mlangoni hayazidi manne au matano. Hayo ndiyo uyarudie mpaka yawe tabia. Akili iliyopewa majibu ishirini huchelewa kuchagua.

Na usisahau mwili wenyewe. Somo la pumzi alilolipata Bruce Lee linatuhusu sote. Kukimbia mara mbili tatu kwa wiki, kupanda ngazi, kuchuchumaa na kusimama, na kupiga pushapu ni sehemu ya kujihami kwa haki kabisa, kwa sababu silaha yako ya mwisho ni miguu inayokimbia. Sanamu ya mti ya mazoezi, muk yan jong, ambayo katika nasaba ya Ip Man ina mfuatano wa mapigo 116, ni chombo kizuri cha kunoa pembe za mikono, lakini ni ghali na haipingi. Ukikosa sanamu hujakosa kitu cha lazima. Ukikosa mwenzako umekosa karibu kila kitu. Vilevile tenga miezi michache ya kujifunza judo au mieleka: namna ya kuanguka bila kuvunjika, kuzuia kuangushwa, na kusimama upesi. Wing chun haitapungua kwa kukiri pengo lake.

Kumchagua mwalimu, au kwenda kwingine

Nasaba hutajwa sana kwenye wing chun, na walimu wengi wataanza kwa kukueleza ni vizazi vingapi viko kati yao na Ip Man. Nasaba inakwambia mtu alijifunza kwa nani. Haikwambii kama wanafunzi wake wanaweza kufanya anachowafundisha. Kabla ya kulipa ada, omba ukae pembeni utazame zoezi moja zima. Angalia kama kuna wakati ambapo mtu anashindwa, anajaribu tena, anabadilisha. Angalia kama mwenye kushambulia hurusha ngumi moja kisha akaganda mkono ukiwa hewani akisubiri kupigwa mara sita. Kama mazoezi yote yako hivyo, unachokiona ni maonyesho. Muulize mwalimu anafanyaje mtu akimkumba miguu. Akikujibu kwa kukuonyesha, tena na mtu anayepinga, ni dalili njema. Akikujibu kwamba mcheza wing chun wa kweli hakumbwi, aga kwa adabu. Mwalimu anayemkaribisha bondia au mcheza judo kuja kufanya mazoezi na wanafunzi wake anastahili imani yako kuliko mwenye vyeti vingi ukutani.

Hapa linakuja swali la haki: kama upinzani ndio siri, kwa nini usiende moja kwa moja kwenye ndondi, ambako upinzani ni wa kila siku? Jibu la kweli ni kwamba, kama mtaani kwenu kuna ukumbi mzuri wa ndondi au judo na hakuna wing chun ila ya maonyesho, nenda huko na usijute. Lakini palipo na mwalimu wa wing chun anayepima wanafunzi wake, sanaa hii ina mambo yanayoipa nafasi yake. Inaanzia kwenye umbali ambao bondia huutumia kidogo na mwamuzi hukatiza, yaani watu wakishikana. Inatumia viganja na viwiko vilivyo salama kwa mkono usio na glavu. Chi sao linaweza kufanywa na mtu wa miaka hamsini kwa muda mrefu bila kuumia kichwa, kwenye eneo lisilozidi mkeka mmoja. Mtu mwenye kazi na familia anahitaji kitu atakachoweza kukifanya miaka mingi, na ujuzi wa kujihami hukaa kwa yule tu anayeendelea nao.

Kabla ya mkono kuinuka, na baada ya kushuka

Ushahidi bora tulionao kuhusu mafunzo ya kujihami hautoki kwenye ulingo. Jaribio lililofanyika katika vyuo vikuu vitatu vya Kanada, na kuchapishwa mwaka 2015, liliwapa wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza mafunzo ya saa 12: kutambua dalili za hatari mapema, kuvuka aibu ya kumkatalia mtu unayemfahamu, kutumia sauti, na sehemu fupi ya mapigo. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa miongoni mwa waliofundishwa walikuwa asilimia 5.2, miongoni mwa waliopewa vipeperushi pekee walikuwa asilimia 9.8. Mafunzo hayo hayakuwa ya wing chun, na mapigo yalichukua saa mbili tu. Kwa mwanafunzi wa wing chun ujumbe uko wazi: sauti, umbali na uamuzi wa mapema vinabeba sehemu kubwa ya kazi, na mapigo yanakuja kuukamilisha uamuzi uliokwisha kufanywa. Kwa hiyo kwenye mazoezi yako sema kwa sauti. “Rudi nyuma!” ni zuio, na linahitaji kufanyiwa mazoezi kama tan sao, kwa sababu koo nalo hukauka kwa hofu.

Kuna pia sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inakutambulia haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Sheria ya Kenya inafuata misingi ya sheria ya Kiingereza yenye mwelekeo huohuo. Mcheza wing chun ana sababu ya pekee ya kulizingatia hili. Amefundishwa kwamba mkono ukiachwa huru usonge mbele, na ngumi zake hutoka mfululizo bila yeye kuhesabu. Mtu aliyelegea, akasukumwa mara moja zaidi na kugonga kisogo kwenye lami, anaweza kufa, na hapo aliyekuwa akijihami anageuka mshitakiwa. Kuacha kupiga ni ujuzi, na usipofanyiwa mazoezi haupatikani siku ya siku. Ndiyo maana lile zoezi la mlangoni linamalizika unapotoka na si mwenzako anapoanguka.

Jipe miezi sita, kisha jipime bila kujionea haya. Omba rafiki anayecheza ndondi au mieleka, mwenye uzito unaokuzidi kidogo, akuzuie kufika mlangoni, mkiwa na vifaa vya kujikinga na mmekubaliana kiwango cha nguvu. Ukifika mara nyingi kuliko unavyozuiwa, wing chun yako imeanza kuwa ya kujihami, na unaweza kuendelea na Chum Kiu, mfuatano wa pili, ukijua unaongeza juu ya msingi ulioshika. Ukizuiwa kila mara, rudi kwa mwalimu wako na swali hilo mkononi. Mwalimu mwema atalipokea kwa furaha na kubadilisha mazoezi. Asiyelipokea amekupa jibu, na wewe utafute ukumbi mwingine wiki hiyohiyo.